Meli hufia gatini: mambo ya kushika unapoanza kazi ya matengenezo

Kijana anayepanda meli kwa mara ya kwanza huogopa dhoruba. Aogope zaidi matengenezo. Baharini meli ina wenyewe: mabaharia wanajua kila mlango, mapampu yana shinikizo, king'ora kinafanya kazi. Gatini kuna mafundi wa kampuni nne wasiofahamiana, mabomba yamefunguliwa, mizigo imelundikwa popote palipopatikana nafasi, na kila mtu anadhani mwenzake ndiye anayeangalia moto.

Kesi ambayo kila mgeni wa kazi hii anafaa kuijua ni ya Normandie, meli ya abiria iliyojengwa Saint-Nazaire, Ufaransa. Ilianza safari Mei 29, 1935, kutoka Le Havre kwenda New York, na katika safari hiyohiyo ikanyakua rekodi ya kuvuka Atlantiki. Ilikuwa na urefu wa karibu mita 314. Mvuke ulizalisha umeme, na mota za umeme ndizo zilizozungusha rafadha zake nne. Ukumbi wa chakula wa daraja la kwanza ulikuwa na urefu wa mita 93, bila dirisha hata moja, ukimulikwa na nguzo za taa za vioo vya Lalique, msanii wa vioo wa Ufaransa. Ili kumbi zifuatane bila kizuizi katikati, njia za moshi za kwenda kwenye dohani ziligawanywa zikapitishwa pembeni. Dohani ya tatu haikutoa moshi kabisa; iliwekwa kwa ajili ya sura. Shikeni hilo la kumbi zilizo wazi, kwa sababu moto na maji hupenda nafasi kama hiyo kuliko abiria.

Desemba 1941 Marekani iliichukua meli hiyo, ikaipa jina Lafayette, na kuanza kuigeuza kuwa ya kubeba wanajeshi ikiwa imefungwa Gati 88, Manhattan. Februari 9, 1942, mchana, mafundi walikuwa wakikata nguzo za taa kwa gesi kwenye ukumbi mkubwa. Karibu yao kulikuwa na marobota ya majaketi ya kuokolea maisha yaliyojazwa sufi, sufi ileile ya mito na magodoro yetu ya pwani, yamefungwa kwa magunia. Cheche ikaangukia humo. Laini ya king'ora iliyounganisha meli na zimamoto wa jiji ilikuwa imekatwa, hivyo zaidi ya dakika 10 zikapita kabla ya taarifa kufika. Mfumo wa kuzimia moto wa meli yenyewe ulikuwa umezimwa. Walipofika zimamoto, mipira yao ya New York haikuingiana na viungio vya Kifaransa.

Sasa tuje kwenye kazi yako. Kabla ya kuwasha gesi au mashine ya kuchomelea, kila kinachoweza kuwaka kiondolewe umbali wa mita 11 pande zote. Kisichoondoleka kifunikwe kwa blanketi la kuzuia moto, na si kwa turubai. Halafu nenda ukaangalie upande wa pili wa ukuta, chumba cha juu na cha chini: chuma hupitisha joto, na rangi au sponji ya nyuma yake huanza kufuka moshi wewe ukiwa huoni kitu. Mlinzi wa moto hashiki kazi nyingine, hata ya kumpokeza fundi spana. Ana mpira wenye maji tayari au kizimamoto mkononi, si ndoo, na hubaki pale saa nzima baada ya fundi kufunga gesi. Kibali cha kazi ya moto kisainiwe palepale penye kazi. Kikisainiwa ofisini ni karatasi tu. Milango ya moto nayo hukwamishwa wazi na nyaya na mipira inayopita mlangoni. Pitisha nyaya juu, au tumia viungio vinavyochomoka haraka.

Suala la viungio lina dawa siku hizi. Meli ya tani 500 na zaidi lazima iwe na kiungio cha kimataifa cha kupokea maji ya nchi kavu: kipenyo cha nje milimita 178, cha ndani 64, matundu manne ya milimita 19 kwenye mduara wa 132, boliti nne za milimita 16 zenye urefu wa 50, na washa (pete za chuma za kuwekea boliti) nane. Mara nyingi kiungio kipo, boliti hazipo. Fundi fulani alizihitaji kwingine. Zihesabu mwenyewe.

Hata hivyo, moto haukuiua Normandie. Kabla ya saa mbili usiku ulitangazwa kuwa umedhibitiwa. Maji yaliyomwagwa kutoka gatini na kwenye boti za zimamoto yalikuwa yamekaa sitaha za juu, meli ikazidi kulalia kushoto, maji ya mto yakaingia kwenye matundu ya ubavuni, na saa 8:45 usiku ikapinduka.

Hesabu hizi zifanye kwa kalamu. Mpira mmoja wa lita 500 kwa dakika huingiza tani 30 kwa saa. Mipira 10, tani 300. Uzito huo ukiwa juu ni mbaya, lakini uso wa maji ulio huru ni mbaya zaidi. Chukua chumba cha mita 20 kwa 12 chenye maji ya bahari ya sentimita 30, kama tani 74 tu, ndani ya meli inayosukuma maji ya mita za ujazo 5,000. Urefu mara upana mara upana mara upana, gawa kwa 12, unapata 2,880. Gawa kwa 5,000: umepoteza sentimita 58 za GM, kipimo cha uwezo wa meli kujirudisha wima inapolala. Ukuta mmoja wa katikati, wa kwenda kwa urefu wa meli, hushusha hasara hiyo hadi sentimita 14. Kwa hiyo anayezima moto melini apewe mwenzake wa kutoa maji: matundu ya sitaha yazibuliwe, pampu za kuzamishwa ziwekwe mapema, na mtu mmoja asome pembe ya mlalo kila dakika chache na kuiandika.

Vladimir Yourkevitch, aliyeichora meli ile, alifika gatini siku hiyohiyo. Shauri lake lilikuwa kufungua vali za chini, meli ikae wima kwenye tope mita chache chini. Polisi walimzuia, na shauri likakataliwa na admirali wa jeshi la majini aliyesimamia. Meli iliinuliwa 1943 kwa gharama ya mamilioni ya dola, na 1946 ikauzwa kama chuma chakavu kwa dola 161,680. Leo mchoro wa mpangilio wa kuzimia moto huwekwa ndani ya kasha lisiloingia maji, nje ya vyumba vya sitaha, ili zimamoto wa nchi kavu waukute bila kumtafuta mtu. Siku yako ya kwanza lifungue. Angalia kama mchoro ni wa meli hiyohiyo, na kama kuta na milango iliyobadilishwa kwenye matengenezo ya mwisho imo.