50-0 ya Mayweather: niliwahi kuwa na sifuri yangu, najua inavyotengenezwa

Mkuu, umeuliza kama bondia wa Marekani Floyd Mayweather anastahili sifa zote hizi kwa kuwa hajapigwa katika mapambano 50 (ndiyo ile 50-0: ushindi 50, kupoteza sifuri), au rekodi yake ni ya kuchagua wapinzani. Wengi wamekujibu kwa mapenzi. Mimi nitakujibu kwa niliyoyaona ulingoni, maana nimecheza ngumi hapa Dodoma miaka kadhaa na sasa nafundisha vijana kwenye chumba kimoja Chang'ombe, mabegi mawili ya kupiga ngumi na sakafu ya saruji.

Nilipotoka ngumi za ridhaa kwenda za kulipwa nilishinda mapambano saba mfululizo. Wapinzani alinitafutia promota. Wa tatu alikuwa kijana aliyeshuka kwenye basi asubuhi kutoka wilayani, akapimwa uzito mchana, jioni yuko ulingoni. Tulipogusanisha glavu niliona amevaa raba za kuchezea mpira wa kikapu. Kabla ya hapo, chumbani, nilikuwa nimemwona akifungwa bandeji na mtu asiyejua kufunga: yote imezungushiwa kiganjani, vifundo viko wazi. Nilimmaliza raundi ya pili. Watu wakanibeba, na bango lililofuata likaandikwa kwa herufi kubwa HAJAPIGWA.

Pambano la nane, mpinzani niliyepangiwa akaugua, akaletwa kwa dharura bondia wa Morogoro aliyekwisha kupoteza mara tano. Alinipiga raundi zote sita. Kila nilichojaribu alikuwa ameshakutana nacho kwa watu wakali kuliko mimi. Vipigo vyake vitano vilikuwa shule, na mimi kwenye ushindi wangu saba sikuwa nimesoma chochote.

Tangu siku hiyo, nikionyeshwa rekodi yenye sifuri nauliza waliosimama mbele yake ni akina nani, na usiku ule walikuwa katika hali gani.

Sasa tumchukue Mayweather kwa kipimo hicho. Wanaosema hakupigana na watu huwa hawajaangalia miaka yake ya mwanzo. Oktoba 1998, miaka miwili tu tangu aanze ngumi za kulipwa, alimvua Genaro Hernández ubingwa wa WBC, moja ya mashirikisho makubwa ya ngumi duniani, kwenye uzito wa pauni 130 (kama kilo 59). Januari 2001 akakutana na Diego Corrales, naye hajapigwa, mrefu, mwenye mkono mzito. Alimwangusha mara tano na kona ya Corrales, yaani wasaidizi wake, ikasimamisha pambano raundi ya 10. Nimewaonyesha vijana wangu pambano lile mara nyingi. Yule bwana wa miaka ile hakuwa wa kukimbia na kukumbatia, alikuwa anaumiza. Kwangu huyo ndiye Mayweather bora kuliko wote.

Lakini kuna usiku wa tarehe 20 Aprili 2002, Las Vegas, dhidi ya José Luis Castillo wa Mexico. Majaji wote watatu walimpa Mayweather. Nimelirudia pambano lile mara tatu na karatasi ya kuhesabu pointi mkononi, na mara zote tatu kwa hesabu yangu Castillo ndiye mshindi. Alimsukuma kwenye kamba, akampiga mwilini, akafikisha makonde mengi kuliko mwenzake. Mayweather alisema bega lilikuwa linamsumbua. Inawezekana. Ila naamini kabisa kwamba sifuri ile ilipaswa kuisha usiku ule. Heshima ninayompa ni kwamba Desemba mwaka huohuo alirudiana naye, akamshinda. Bingwa anayelinda namba tu asingerudi kwa mtu aliyemtoa jasho namna ile.

Ndiyo maana ile 0 naiona kama kitu kilichopata bahati mara moja. Isitoshe, mwenyewe anajua kupoteza ni nini. Kwenye Olimpiki ya Atlanta 1996 alipoteza nusu fainali kwa Serafim Todorov wa Bulgaria, 10-9, akaondoka na shaba. Marekani walilalamika, matokeo yakabaki. Mkono wa majaji ulimnyima siku moja, ukampa siku nyingine.

Baada ya kupanda hadi pauni 147 ndipo malalamiko yenu yanapopata miguu. Juan Manuel Márquez alipandishwa kutoka uzito mdogo mwaka 2009, halafu Mayweather mwenyewe akazidi uzito wa makubaliano kwa pauni mbili na kulipa faini ya dola 600,000. Hilo sitalitetea. Sisi tunaojua uchungu wa kukimbia na jaketi kwenye jua la saa nane kutafuta nusu kilo tunajua pauni mbili ni kitu gani. Canelo Álvarez mwaka 2013 alikuwa na miaka 23 na akabanwa ashuke hadi pauni 152. Na pambano na Manny Pacquiao wa Ufilipino lilipaswa kufanyika 2010, likavunjika kwenye mabishano ya vipimo vya damu vya kutafuta dawa za kuongeza nguvu, likaja 2015 mmoja ana miaka 38 na mwingine 36, Pacquiao ameshaangushwa kwa knockout na Márquez.

Lile nililiangalia kwenye kibanda cha video Majengo, kwetu ilikuwa Jumapili saa moja asubuhi. Kibanda kilijaa, wengine wamekacha ibada. Kufikia raundi ya sita watu wanazomea, wanasema hii si ngumi. Mzee aliyenifundisha alikuwa amekaa kando yangu, akanishika goti, akaniambia, "Acha mikono, angalia mguu wa mbele." Nikaangalia. Kila Pacquiao alipokanyaga ili aingie, mwenzake alikuwa ameshatoka hatua moja, na konde la kulia lililonyooka limeshatua. Bega la kushoto limeinuka limefunika kidevu, kichwa kinarudi nyuma kiasi cha upana wa kiganja, hakizidi hapo. Hesabu za makonde zilionyesha Pacquiao alirusha 429 yakafika 81 tu. Mtu aliyetwaa ubingwa kwenye madaraja manane ya uzito, mnamzomea anayemfanya apige hewa! Niliumia kweli kuona ufundi ule unazomewa.

Na kama mtu anasema hakuwahi kutikiswa kwa kuwa alichagua walaini, arudi kwa Shane Mosley, Mei 2010. Raundi ya pili alipigwa konde la kulia, miguu ikalegea. Akashika mkono wa Mosley, akapumua, akatoka. Raundi zilizobaki zote alizitawala, tena kwa kwenda mbele. Bondia wa rekodi ya kutengenezwa huvunjikia pale pale. Mimi nilivunjikia.

Pambano la 50, la Conor McGregor 2017, yule mpiganaji wa mapigano mchanganyiko (MMA), mimi silihesabu. Mtu hakuwahi kucheza hata pambano moja la ngumi za kulipwa. Ni yule kijana wangu wa raba, tofauti yake alilipwa mamilioni. Kupitwa kwa rekodi ya 49-0 ya Rocky Marciano, bingwa wa zamani wa uzito wa juu, kwa njia ile kunanikera mpaka leo. Na sifa ya mtu haiishii kwenye kamba: mwaka 2012 huyu alikaa jela kwa kumpiga mama wa watoto wake. Anayemwita mfano wa kuigwa aseme na hilo.

Kwa hiyo jibu langu: ufundi wake unastahili kila sifa, namba yake haistahili nusu ya kelele inazopigiwa. Ricardo López wa Mexico alistaafu na ushindi 51, sare moja, bila kupigwa, na hapa mtaani sijakutana na vijana watatu wanaomjua. Muhammad Ali alipoteza mara 5, nani asiyemjua? Na Hassan Mwakinyo wetu hakwenda Birmingham Septemba 2018 na rekodi safi, lakini raundi ya pili alipomsimamisha Sam Eggington nchi nzima iliamka.

Nina kijana hapa mwenye ushindi sita, hajapigwa. Wiki mbili zilizopita promota alinipigia na jina la mpinzani, nikauliza huku na huku, nikaambiwa ni dereva wa bodaboda aliyeanza mazoezi mwaka huu. Nikakataa. Nimemwombea bondia wa Singida aliyepoteza mara nne, zote kwa pointi. Mama yake kijana ameninunia, anasema nataka mwanawe apigwe. Kesho saa kumi na moja alfajiri tunaanza mbio za kupanda kilima.