Ukimtoa mkorofi, mwingine anapanda: jibu kwa aliyeuliza kuhusu samaki wanaouana tankini

Mkuu wa Moshi, swali lako nimelisoma mara mbili maana ni kama unasimulia tanki langu la kwanza. Kwa watakaopita hapa baadaye: jamaa ana tanki la sentimita 60 kwa 30 kwa 30. Ndani aliweka goldifishi wawili, gapi wanane na samaki watano wa njano wenye mistari myeusi. Mmoja wa hao watano amegeuka mweusi na hana simile na mtu. Gapi wamebaki watatu, goldifishi mmoja kanyofolewa mkia. Wengi waliomjibu wamesema mtoe huyo mweusi, kwisha kazi.

Naomba nitofautiane nao, kwa sababu mimi nilimtoa.

Kwa maelezo yako hao wa njano ni mbuna, samaki wa kwenye miamba ya Ziwa Nyasa, aina ya auratus (Melanochromis auratus). Wangu niliuziwa hapa Arusha kwa jina la "samaki wa rangi", nikaambiwa wanakaa na yeyote. Wakiwa wadogo wote ni wa njano, dume kwa jike huwezi kuwatofautisha. Dume akishatawala ndipo anapobadilika: njano inakolea kuwa kahawia, mwishoni karibu nyeusi kabisa, na mstari mwepesi unabaki ubavuni. Weusi wake ni cheo.

Nilimtoa wangu Jumapili, nikampa jirani. Nyumba ikatulia. Ijumaa alfajiri nikawasha taa kabla ya kwenda kazini, nikamwona mwingine, yule aliyekuwa anajibanza nyuma ya filta siku zote, tumboni kaanza kuwa na kivuli kama masizi ya sufuria. Nikadhani anaumwa. Baada ya wiki mbili alikuwa mweusi tii, na yeye ndiye aliyemmaliza goldifishi wangu mkubwa. Kumbe alikuwa dume tangu mwanzo, ila chini ya mbabe wa kwanza alibaki na rangi ya njano ili asipigwe. Katika wanne wako waliobaki, usishangae kukuta kuna wa namna hiyo.

Kwa hiyo angalia nani umewaweka na nani. Goldifishi ni samaki wa maji ya baridi, nyuzi 18 hadi 22 anaishi raha mustarehe. Mbuna anataka 24 hadi 27. Huku kwetu Juni na Julai usiku ni baridi kweli, bila hita mbuna wanadhoofika. Ukiwasha hita, goldifishi anaishi kwenye joto lisilo lake mwaka mzima. Hapo hakuna upatanisho. Chakula nacho hivyo hivyo: hawa auratus kwao hukwangua mwani kwenye miamba, ukiwalisha vyakula vya nyama nyingi wanavimba tumbo na kufa. Na gapi mwenye mkia mrefu, mdogo, mwepesi kudakwa, kwa mbuna mkubwa ni chakula tu. Unawatenganisha, basi.

Goldifishi na gapi nao usiwaweke pamoja kwenye chombo kimoja. Gapi watatu wabaki na hilo tanki la sentimita 60, linawatosha vizuri sana. Goldifishi wanakua wakubwa na wanachafua maji mno, watafutie mtu mwenye tanki kubwa au bwawa la bustanini.

Kuhusu mbuna wenyewe, kama umewapenda (mimi nimewapenda, sitaki kukudanganya), wanataka nafasi. Nilimpa fundi vioo vipimo vya sentimita 120 kwa 45 kwa 45, hiyo ni kama lita 240. Kisha mawe. Nilikusanya mawe ya mtoni, yale laini, kwa sababu yale ya volkano yaliyojaa huku yana makali na samaki akikimbizwa anajichubua magamba. Yasuguliwe kwa maji moto na brashi, sabuni marufuku. Yakae chini kabisa kwanza, mchanga umwagwe baadaye kuyazunguka. Ukianza na mchanga, mbuna watachimba chini ya jiwe, litaporomoka, na kioo kinaweza kwenda nalo. Panga hadi zaidi ya nusu ya kimo cha tanki, mapango mengi kuliko idadi ya samaki, na kila pango liwe na mlango wa mbele na wa nyuma. Pango la mlango mmoja ni mtego, anayekimbizwa anaingia na hatoki.

Dume awe mmoja, majike wasipungue wanne. Ukiwa na jike mmoja atafukuzwa mchana kutwa hadi afe. Wakiwa wengi hasira za dume zinagawanyika. Nilipofika hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikuwahi kukiona kwenye tanki la vurugu: jike mmoja amesimama mdomoni mwa pango, kidevu kimejaa, kila ukimwaga chakula anageuza uso. Alikuwa ameatamia mayai mdomoni. Alikaa hivyo karibu wiki tatu bila kula, halafu jioni moja akatema watoto kati ya mawe.

Siku ya kuingiza samaki mpya, vuruga mawe yote upya. Mwenye eneo anapoteza mipaka yake, wote wanaanza kama wageni. Zima taa, mwingize gizani. Na kwa kuwa samaki ni wengi, badilisha theluthi ya maji kila wiki. Ya bomba mimi nayaacha kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini itoke. Maji yetu ya upande wa Meru yana magadi, kipimo changu cha pH (kinachoonyesha maji yana asidi au magadi kiasi gani) husoma 8 na kidogo, na hapo mbuna wako nyumbani.

Kuna mtu hapo juu amekushauri umwachie huyo mweusi Ziwa Duluti. Tafadhali usifanye hivyo. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 furu, samaki wadogo wa asili wa humo ambao ni ukoo mmoja na hawa mbuna, walikuwa wamepungua vibaya sana, aina nyingi hazikuonekana tena. Samaki wa tanki abaki tankini.

Kwa usiku wa leo: huyo goldifishi aliyenyofolewa mkia mhamishie kwenye beseni pana lenye maji ya tanki lako hilo hilo, pampu ya hewa ndani, funika na kitambaa chepesi asiruke. Gapi wawe na beseni lao. Kesho kabla hujawasha taa, mulika tanki na tochi ya simu uangalie waliobaki. Anayesimama juu kabisa pembeni, mapezi ameyabana, huyo anapigwa hata kama hujashuhudia. Niandikie ni wangapi wa namna hiyo, tujue kama kuna dume wa pili.