Nyie mlioanza juzi kuandika sayansi, hebu tuongee

Wadogo zangu, nimepitia skripti zenu na nawapenda kweli, mna moto, ila karibu zote zinaanza na "wanasayansi wamethibitisha" wakati ukifungua utafiti wenyewe unakuta watu wameona dalili tu na bado wanakuna kichwa. Jamani!

1. Kama jaribio ni la panya, sema panya kwenye kichwa cha habari, sio aya ya saba.

2. Mashaka ndo utamu wenyewe, msiyakate. Septemba 2011 timu ya wanafizikia ya OPERA ilitangaza kwamba nyutrino, chembe ndogo mno zinazopenya karibu kila kitu, zilizorushwa kutoka CERN, maabara ya fizikia pale karibu na Geneva, hadi maabara ya Gran Sasso kule Italia, kama kilomita 730 zinapita ardhini, zilionekana kufika nanosekunde 60 hivi (sehemu 60 za bilioni ya sekunde) kabla ya muda ambao mwanga ungetumia. Wenyewe hawakusema Einstein, aliyefundisha kwamba hakuna kinachoupita mwanga kwa kasi, kakosea, walisema tumekagua tumechoka, kosa hatulioni, tusaidieni. Vyombo vya habari vikamzika Einstein siku hiyohiyo! Mwaka uliofuata ikajulikana kuna waya wa faiba, ule uliokuwa unaleta muda wa GPS kwenye mitambo, haukuchomekwa vizuri. Waya umelegea, basi. Sasa aliyeandika "Einstein apinduliwa" alikuwa hana pa kwenda zaidi ya kukanusha, ila aliyewaambia watu tangu mwanzo "hapa kuna kitu hakikai sawa, tufuatilie wanavyokitafuta" alikuwa na episodi ya pili mkononi, tena tamu kuliko ya kwanza, maana msikilizaji naye alikuwa anatafuta.

3. Isome skripti kwa sauti. Ukiishiwa pumzi, kata.

4. Ile picha ya 2019 ya shimo jeusi lililo katikati ya galaksi ya M87, mwambieni mtu kwamba ile rangi ya chungwa imewekwa na watu, kwa sababu darubini zilipokea mawimbi ya redio ambayo jicho haliyaoni, na panapong'aa zaidi ndipo mawimbi yalikuwa na nguvu zaidi. Mnaniambia itawachanganya. Hapana, watu wanapenda sana kujua kitu kimetengenezwaje, na mkiwaficha wakaja kusikia kwa mwingine wataona mmewadanganya.

Halafu ile skripti ya K2-18b, sayari iliyo nje ya mfumo wetu wa jua, na "dalili za uhai" nimeirudisha. Waliochambua upya data zilezile za darubini ya anga ya Webb wakapinga nao waingie, tena mapema, ndo niletee.