Gari lisilo na makanga litaniita vipi?

Tangu nitaje hapa kwamba magari ya abiria yanayojiendesha yanaweza kumwelekeza mtu kwa sauti inayotoka upande fulani, mmeniandikia sana. Haya machache.

Sauti itanionyeshaje mlango? (Msomaji, Donholm)

Vile makanga anavyokuonyesha pale steji ya Railways, Nairobi. Akiita "Rongai! Rongai!" kushoto kwako, sauti hufika sikio la kushoto mapema kidogo, tofauti isiyotimia hata milisekunde moja, na kichwa hulikinga sikio la pili lisikie hafifu zaidi. Ubongo humaliza hesabu kabla hujageuka. Garini, spika hutawanywa ili mlango unaofunguka ndio usikike ukiita. Shida ni mbele na nyuma: sauti iliyo katikati hufikia masikio yote mawili pamoja, ukabaki kubahatisha hadi ugeuze kichwa. Tena wahandisi waache ule mlio mwembamba wa "tiii", maana ni mgumu kujua unatoka wapi. Neno la mtu, au kiganja kikipiga bodi, hutambulika upesi.

Si spika moja iseme tu "shukia kulia"? (Msomaji, Kasarani)

Kulia kwa nani? Gari linalojiendesha la Zoox, kampuni ya Marekani, lina viti vinavyotazamana, na huenda pande zote mbili bila kugeuka. Kulia kwako ni kushoto kwa aliyekukabili. Sauti ikitoka mlangoni penyewe, ubishi umekwisha.

Mimi sioni. Nitalipata vipi kati ya magari kumi? (Msomaji, Ngara)

Abiria wa Waymo, teksi zinazojiendesha kule Marekani, huweza kuliamuru gari kwa simu lipige honi, akalifuata. Ni mwanzo mzuri, ila honi katikati ya honi za barabara ya Tom Mboya haitakufaa. Dai mlio wa kipekee, na utoke mlangoni, si kwenye boneti.

Na sisi wa sikio moja? (Msomaji, Kikuyu)

Kwenu sauti peke yake haitoshi. Pawe na taa mlangoni na simu itetemeke. Anayeuza mfumo wa sauti tupu, mimi nisingempa zabuni.

Muziki wa nganya je? (Msomaji, Umoja)

Besi ya nganya, matatu hizo za mapambo na muziki mkubwa, ikishatikisa viti, sauti ya kuelekeza humezwa. Lazima muziki ushuke kwanza kila gari linapokaribia steji. Kuwaambia wenye nganya hivyo, hapo mimi simo.