Maswali yenu: gitaa linalokwaruza la rock and roll ya mwanzo

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za gitaa lile chafu la miaka ya 1950. Nimechukua zenye kujibika. Mlioomba niwarushie nyimbo kwa simu, hapa si kibanda cha kuchoma CD.

Shikamoo mzee. Wimbo wa kwanza kabisa kuwa na gitaa la kukwaruza ni upi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Hili la "wa kwanza kabisa" halikosi, na wanaoliuliza huwa wana jibu lao tayari mfukoni: "Rocket 88". Haya. Machi 1951 bendi ya Ike Turner ilisafiri kutoka Mississippi kwenda Memphis kurekodi kwenye studio ya Sam Phillips. Njiani amplifaya ya mpiga gitaa, Willie Kizart, ikaharibika. Wengine husema ilianguka kutoka kwenye gari, wengine husema ilinyeshewa. Spika ikawa imepasuka, Phillips akasokomeza karatasi ndani yake, wakarekodi hivyo hivyo. Gitaa likatoka zito, linakoroma chini kwa chini bega kwa bega na saksafoni. Kampuni ya Chess ya Chicago ikautoa wimbo kwenye santuri kwa jina la mwimbaji, Jackie Brenston, nao ukashika namba 1 kwenye chati ya R&B.

Kinachonikera ni jinsi watu wanavyoipenda ile mvua na lile gari. Spika mbovu zilikuwa tele Marekani nzima, na fundi wa kawaida wa studio angekwambia nenda katengeneze, urudi kesho. Phillips aliisikia, akaiacha ilivyo. Huo ni uamuzi. Tena mwaka huohuo, kwa Phillips huyohuyo, Willie Johnson alimpigia mwimbaji wa blues Howlin' Wolf katika "How Many More Years" gitaa linalouma kuliko la Kizart, na katika habari zake husikii mvua wala gari: amplifaya iliyozidiwa na mkono mzito, basi. Mwaka 1953 huko New Orleans, Eddie Jones, yule aliyejulikana kama Guitar Slim, akarekodi "The Things That I Used to Do", Ray Charles akiwa kwenye piano, gitaa limejaa ukali kuanzia mwanzo hadi mwisho. Watu hawa walijua wanachokitafuta. Lakini waliobahatika ndio wanaosimuliwa, waliokusudia wanarukwa.

Chuck Berry alitumia pedali gani, yaani kisanduku cha kukanyaga cha kuchafua sauti, kwenye wimbo wake "Maybellene"?

Hakuna. Ilikuwa 1955.

Ninunue pedali gani, au niweke programu gani kwenye simu, nipate sauti ya mwaka 1956?

Umesoma jibu la hapo juu? Pedali ya kwanza ya namna hiyo kuuzwa kwa wingi, Maestro Fuzz-Tone, ilitoka 1962. Chanzo chake kilikuwa hitilafu ya mtambo wa studio mjini Nashville wakati Grady Martin akipiga solo kwenye "Don't Worry" ya Marty Robbins. Fundi mitambo Glenn Snoddy akaigiza hitilafu ile kwa transista ndani ya kisanduku, Gibson wakakiuza. Na walikiuza vipi? Walidai kitafanya gitaa lilie kama tarumbeta, tuba au selo! Wapiga gitaa hawakukichangamkia mpaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokikanyaga kwenye "Satisfaction", naye amesema mwenyewe kwamba alikuwa anashikilia tu nafasi ya tarumbeta ambazo zingekuja baadaye.

Kwa hiyo sauti ya 1956 haimo kwenye kisanduku. Imo kwenye amplifaya ndogo ya vali, zile taa za kioo zilizotangulia transista, ya wati chache, iliyofunguliwa mpaka mwisho. Umeme wa gitaa ukizidi uwezo wa vali, vilele vya mawimbi hukatwa, na kule kukatwa ndiko kunakozaa ukali. Vali haikati ghafla. Ukigusa waya kwa upole sauti inabaki safi, ukiuchapa, inachafuka. Mkono ndio unaoamua, noti kwa noti. Programu yako ya simu unaibonyeza mara moja na kila kitu kinatoka kimepakwa tope lilelile, hodari na asiyejua wanafanana. Nadhani ndiyo sababu inapendwa.

Kabla ya kununua chochote, piga nyimbo zako nusu saa bila amplifaya kabisa. Kama hazisikiliziki, tunza pesa yako.

Nikiongeza ukali, kodi zangu (noti kadhaa kwa pamoja) zinageuka uji. Amplifaya ni mbovu?

Ni nzima. Swali zuri, na afadhali limekuja moja la namna hii.

Sauti mbili zikipita pamoja kwenye amplifaya iliyozidiwa, huzaa nyingine ambazo hukuzipiga: jumla yao, tofauti yao, na ndugu zao wengi. Chukua noti ya A ya hezi 110, yaani mitetemo 110 kwa sekunde, na E iliyo juu yake, karibu 165. Tofauti ni 55, nayo ni A ileile, oktavu moja chini. Amplifaya imekuongezea besi ya bure, tena inayokubaliana na noti zako. Sasa weka C♯, karibu hezi 139, badala ya ile E. Tofauti ni 29 hivi, ambayo haiko kwenye kodi yako na inavuruga. Ukipiga nyuzi zote sita, wageni hawa wasioalikwa wanakuwa umati.

Ndiyo maana wapiga gitaa wa rock wakaishia kupiga noti mbili tu, ya kwanza na ya tano za ngazi ya muziki, na hao wa mwanzo walipenda mistari ya waya mmoja mmoja kwenye nyuzi nene. Punguza vidole.

Ni kweli kuna wimbo usio na maneno uliopigwa marufuku redioni?

"Rumble" ya Link Wray, 1958. Jina lake lilikuwa lugha ya mtaani kwa ugomvi wa magenge, na baadhi ya vituo vya Marekani vikaogopa gitaa lingewachochea vijana. Uliingia kwenye chati hata hivyo, mpaka namba 16. Kabla ya kurekodi, Wray alitoboa spika kwa penseli kwa sababu sauti ya studio ilikuwa safi mno, nayo sauti aliyoipata jukwaani haikutoka. Alikuwa na pafu moja, jingine lilikwenda na kifua kikuu, kwa hiyo kuimba kulimpa taabu. Sikilizeni jinsi anavyoiacha kila kodi ining'inie bila haraka. Wanaomuiga siku hizi wanajaza kila nafasi.

Nimesikia mpiga gitaa wa The Kinks alichana spika kwa wembe. Nami nichane ya kanisani kwetu?

Dave Davies, 1964, kwa ajili ya "You Really Got Me". Alichana spika ya amplifaya ndogo, ya bei rahisi, kisha akaiunganisha kwenye kubwa. Wewe unataka kuchana ya kanisa zima. Usithubutu.

Kwa nini tuhangaike na kelele za Wazungu wakati sisi gitaa letu ni safi?

Wazungu gani? Kizart, Johnson na Guitar Slim walikuwa Weusi wa kusini mwa Marekani. Wray alijitambulisha kuwa na asili ya Washawnee. Ukiniambia gitaa la rumba la Franco au Dr Nico ni safi, nakubali, na silibadilishi kwa lolote. Lakini usiseme sauti chafu si yetu. Nenda kwenye mchiriku wa Dar es Salaam, kinanda cha Casio kikipitishwa kwenye spika za tarumbeta mpaka kinalia kwa uchungu. Au sikiliza bendi ya Konono No. 1 ya Kinshasa, likembe zao, ala za kupiga kwa vidole gumba, zikiwa na maikrofoni za kujitengenezea kwa sumaku za magari mabovu. Nao wangeweza kupunguza sauti. Hawakupunguza.

Mjomba amenitumia amplifaya ya zamani ya vali kutoka Houston. Inavuma tu. Naweza kuifungua mwenyewe?

Kwanza niambie hukuichomeka moja kwa moja ukutani. Marekani ni volti 120, hapa ni 230. Bila transfoma ya kushusha umeme utasikia mlio mmoja tu, halafu harufu.

Pili, usiifungue. Kapasita zake, vile vifaa vya kuhifadhi umeme, hubaki na mamia ya volti hata ukiwa umechomoa waya, na fundi wako wa simu za mkononi huenda hajawahi kukutana na kitu hicho. Tafuta mzee aliyetengeneza redio za vali, bado wapo. Mwambie akague kapasita za kuchuja umeme, mara nyingi uvumaji unatoka hapo. Na mkataze asiguse spika, hata akikuapia kwamba imepasuka, mpaka uisikilize kwanza.