Mbwa wangu anawakimbiza mbuzi badala ya kuwalinda

SWALI: Asalaam alaykum bwana mifugo. Mie nipo Micheweni Pemba, nina mbuzi 14, mbwa koko washanimalizia watatu usiku ndo nkachukua mbwa wa kienyeji nimlee alinde banda. Sasa ana miezi 7, mchana namfunga mnyororo chini ya mwembe ili awe mkali, usiku namfungulia. Juzi kamkimbiza mwanambuzi kamng'ata sikio mpaka damu. Jirani ananambia nimuondoshe, eti kufuga mbwa haramu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam ndugu yangu, pole sana na mbuzi wako. Nianze na la jirani maana najua ndo linalokuuma zaidi. Mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwindia wamepewa ruhusa kwenye hadithi za Mtume (SAW), we chunga najisi tu, chombo chake kiwe mbali na akilamba chenu kioshwe mara 7, moja kwa udongo.

Sasa huyo mbwa wako hana ubaya, ana utoto. Miezi 7 ni kijana anatafuta wa kucheza nae, na mwanambuzi akikimbia ndo mchezo umenoga. Kilichoharibu ni mnyororo, mana kutwa anawaona mbuzi kwa mbali, akifunguliwa ana hamu ya kukimbia na hawajui. Mbwa wa mifugo halindi kwa ukali, analinda kwa sababu kakua nao na harufu yao anaiona ya kwao. Ndo maana anatakiwa aanze kulala bandani tangu wiki ya 8 hivi, ikifika wiki ya 16 mlango wa kuwazoea unaanza kujifunga. Wewe umechelewa, sikufichi, lakini jaribu.

Watenge wanambuzi kwanza. Kisha kata pembe moja ya banda uizibe kwa fito, alale humo awaone na kuwanusa, na chakula ale humohumo mbuzi wasimfikie, wakigombea sahani moja atawang'ata. Kila siku asubuhi na jioni mtoe kwa kamba ndefu ya usumba umuingize kwa majike makubwa na beberu. Mwangalie miguu ya mbele, akiinamisha kifua chini huku mkia juu anataka mchezo, hapohapo sema "acha!" na uivute kamba, ukingoja dakika mbili hajui unamgombeza kwa lipi. Beberu akimpiga pembe moja ya ubavu usiingilie, hilo ni somo zuri kuliko fimbo yako. Akijilaza karibu yao akageuza uso pembeni, msifu kwa sauti ya chini.

Usimwachie peke yake na wanambuzi mpaka akomae, hapo hesabu miaka 2 hivi. Akiua, basi huyo hafai bandani.

Na usihangaike na mbegu ya nje. Kweli Namibia shirika la Cheetah Conservation Fund linawapa wafugaji mbwa wakubwa wa Kangal tangu 1994, lakini Botswana wafugaji wanalinda mbuzi kwa mbwa wao wa kienyeji tu.

Chanjo ya kichaa hujaitaja. Hapo Pemba ugonjwa ulikwisha 2014 ukarudi tena 2016, na hao koko wanaokuja usiku ndo watakaopigana nae. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii, halafu kila mwaka.