Wifi anataka kuja kupamba "nyumba ya kaka yake"

Shangazi,

Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto watatu. Miaka yote tumeishi kambi ya jeshi Bombo, chumba kimoja na pazia katikati, na mwezi wa kumi tumehamia nyumba yetu wenyewe hapa Wobulenzi. Haijaisha. Ndani imepigwa plasta lakini haina rangi, na siling hakuna, ukiinua macho unaona mabati. Bwana yuko misheni Mogadishu, likizo yake ni mwezi wa tatu. Nataka watoto waone Krismasi ya kwanza kwao, nipambe vizuri, na nimeweka shilingi 250,000 kutoka kwenye biashara yangu ya mitumba. Sasa wifi amepiga simu, anakuja tarehe 22 na mti wa plastiki na mapazia, kupamba "nyumba ya kaka yake", kwa sababu eti mimi sijui mambo ya kisasa. Mama mkwe anataka twende kwake Lira kama kila mwaka. Jirani anasema kupamba nyumba isiyoisha ni kujiaibisha. Rafiki yangu ananiambia nitundike olubugo, kile kitambaa cha gome la mti, ukutani, ndiyo fasheni. Nishike lipi?

Mama Watatu, Wobulenzi

*

Mama Watatu, hongera. Tangu wanajeshi wetu wa Uganda walipoanza kupelekwa Mogadishu mwaka 2007, wake wengi wa kambini wamejenga kwa simu: bwana anatuma pesa, mama anasimama juani na fundi akihesabu mifuko ya simenti, jioni anatuma picha ya ukuta ulipofika. Kwa hiyo naelewa hilo neno la "nyumba ya kaka yangu" limekuchoma wapi. Nitalifikia. Nianze na jirani, huyo ni mwepesi.

Jirani mwache. Wengi wetu tumehamia kwenye nyumba ambazo hazijaisha na tukamalizia tukiwa ndani, na wapo ambao siling iliwakuta watoto wako sekondari. Ukingoja rangi na siling, watoto wako watapamba nyumba hiyo wakiwa na ndevu.

Ila nyumba isiyoisha ina masharti yake, na hapo ndipo pesa za watu zinapotea. Plasta yako ni changa. Usipige misumari ovyo ovyo, itabanduka vipande na fundi atakudai tena. Selotepu nayo haitashika, vumbi la simenti litaikataa. Tumia mbao za paa, ambazo kwa bahati yako ziko wazi: funga kamba kutoka boriti hadi boriti, halafu minyororo ya karatasi na kadi za watoto zining'inie hapo. Mwenye siling hawezi kufanya hivyo bila kuitoboa. Maputo yapulize tarehe 24 jioni, si asubuhi, maana chini ya mabati yasiyo na siling joto la saa nane mchana linayapasua moja baada ya jingine, na mtoto wa mwisho atalia kwa kila moja.

Rangi usiguse mwaka huu. Plasta mpya inataka karibu mwezi mzima ikauke vizuri kabla ya kupakwa, na mvua za mwisho wa mwaka huko kwenu zinaichelewesha zaidi. Ukiwahi, itavimba na kubanduka. Zaidi ya hapo, rangi itakaa miaka, na mwenzako anarudi mwezi wa tatu. Mngojee mchague pamoja. Mapambo ya Krismasi ni yako na watoto, huhitaji kibali cha mtu, lakini rangi ya sebule ni ya wawili.

Sasa taa, na hapa nisikilize kwa makini. Zile taa ndogo za rangi zinazouzwa Kikuubo, kwenye maduka ya jumla Kampala, ni nzuri na hazili umeme mwingi. Ubaya uko kwenye waya wake, mwembamba kama uzi wa kushonea viatu. Usiupitishe juu ya ukingo wa bati, wala usiufunge kwenye msumari wa bati. Upepo unautikisa, bati linaukwangua, siku ya pili shaba iko wazi na paa zima lina umeme. Mtoto akishika bomba la maji ya mvua lililogusana na bati, sitaki hata kumalizia. Zifunge kwenye mbao, ndani. Usizipitishe chini ya zulia wala kwenye bawaba ya mlango, na ukilala zima kwenye swichi. Kama unataka taa za nje, nunua za sola, zichaji mchana. Kampuni iliyoitwa Umeme ilituaga mwezi wa tatu 2025 na UEDCL, shirika la serikali la kusambaza umeme, wakashika nafasi, lakini token za Yaka, zile za umeme wa kulipia kabla, hazijaacha tabia ya kuisha usiku wa mkesha. Nunua mapema.

Mti. Wifi analeta wa plastiki, haya, alete. Lakini kama moyo wako unataka harufu ya Krismasi, tawi la saipresi linatosha. Omba kwa mwenye ua wa saipresi, usikate usiku. Kata sehemu ya juu ya mtungi wa plastiki wa zamani wa lita ishirini, tia mawe na mchanga, simamisha tawi, mwagia maji kila siku. Lilete karibu na tarehe 20, si mapema kuliko hapo, kwa sababu likikauka linapukutika na linashika moto upesi. Na tafadhali, ile pamba ya kuigiza theluji achana nayo. Theluji yetu sisi iko juu kule Rwenzori, na hata huko inapungua. Pamba juu ya tawi kavu karibu na taa ya bei rahisi ni kuita moto kwa jina lake.

Kwenye nyua za watu huko Wobulenzi utaona lile ua jekundu kubwa ambalo wekundu wake si petali, ni majani. Omba vijiti vitatu, vinne. Ukikata linatoka utomvu mweupe kama maziwa, usiache ukuingie machoni wala mtoto aonje. Pitisha ncha iliyokatwa juu ya moto wa jiko kidogo tu, utomvu ufunge, kisha weka kwenye chupa ya maji. Litakaa siku kadhaa mezani na halijakugharimu hata shilingi. Vijiti vingine viachie vikauke utomvu, uvipande nje, mwaka ujao huombi kwa mtu.

Kuhusu olubugo, rafiki yako hajakosea sana. Ni kitu cha heshima. Utengenezaji wake kutoka kwenye mti wa mutuba ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005, na siku hizi kuna mikoba, vivuli vya taa na picha nzuri kweli. Lakini kumbuka unaishi wapi. Wobulenzi iko Luweero, na Luweero ni Buganda, na kwa Baganda olubugo ndiyo nguo ya kumfunika maiti. Jirani mzee akiingia siku ya Krismasi akute ukuta mzima umevikwa, atauliza kwa sauti ya chini nani amekufa. Kitambaa kidogo chini ya chupa ya maua hakina neno. Ukutani weka mkeka. Mikeka ya ensansa, yaani ya makuti, iliyosukwa kwa rangi iko hapo hapo sokoni kwenu, ning'iniza mmoja mkubwa kutoka kwenye mbao za paa, utaficha ile plasta ya kijivu na sikukuu ikiisha unakalia.

Basi, wifi.

Mti wake upokee kwa mikono miwili. Mti unakaa wiki mbili, unarudi kwenye boksi. Mapazia ni jambo jingine. Mapazia utayafungua kila asubuhi na kuyafunga kila jioni kwa miaka, na kila mgeni atakayeyasifu, wifi atasema "mimi ndiye niliyeweka." Hayo usikubali. Nadhani dirishani kwako saa hizi kuna shuka la kitanda, sivyo? Hapo ndipo pesa yako iende. Katika ile 250,000 tenga 150,000 kwa mapazia ya sebule na fimbo zake. Wewe unauza mitumba, unalijua soko la Owino, Kampala, kuliko mimi, unajua marobota ya mapazia yanafunguliwa asubuhi gani na nani hakupunji. Yawe yamening'inia kabla ya tarehe 22. Dirisha lililokwisha kuvalishwa halibishaniwi. Kiasi cha 50,000 kiwe cha taa, na kinachobaki ni karatasi, maputo, gundi na nauli. Usiongeze hata kidogo, muhula wa kwanza kwa kawaida unaanza mwezi wa pili na ada haijui Krismasi.

Lakini wifi usimjibu wewe. Maneno ya kwa wifi yapitie kwa kaka yake. Mtumie bwana ujumbe leo, kabla dada yake hajanunua kitambaa, na usimwandikie kwamba "dada yako ananidharau", maana mtu yuko lindo Mogadishu, atafanya nini na hasira hizo? Andika hivi: "Baba, dada anatutembelea tarehe 22, tumefurahi. Mapazia nimeshapata, naomba umwambie asihangaike. Mti alete, watoto wanaungoja." Basi, hakuna lawama ndani yake, na yeye ndiye anayesema. Akifika, mpe kazi ya heshima na ya kweli: yeye na watoto wapambe ule mti wake watakavyo, na wewe usiende nyuma kuuhamisha hata kama kaweka nyota imepinda. Mambo ya kisasa yote aliyonayo yaishie pale kwenye mti.

Akirudia "nyumba ya kaka yangu" mbele ya watu, mwitikie tu, "Ndiyo, na ya watoto wake," uendelee kukaanga. Huyo dada pengine ana lake. Kaka yuko mbali, amejenga, na yeye hajapata pa kushika katika furaha hiyo. Hilo halimpi ruhusa ya kukuita mshamba, ila litakusaidia usimjibu kwa ukali.

Mama mkwe ndiye ninayemhurumia. Amezoea nyinyi nyote Krismasi, mwanawe yuko vitani, na sasa hata wajukuu hawaji. Kumwambia "mwaka huu hatuji" na kukata simu ni vibaya. Na kusafiri nako si rahisi: nauli za Desemba unazijua, na mabasi ya Lira yanayotoka Kampala yanapita Wobulenzi yamejaa, utasimama kando ya barabara na watoto watatu na mabegi hadi giza liingie. Nyumba mpya nayo ikibaki tupu wiki nzima, wenye macho wanaiona.

Mwalike. Mwambie, "Mama, nyumba ya mwanao hujaiona, njoo uingie kwa mguu wako kabla ya wageni wengine." Mtumie nauli kutoka kwenye pesa ya bwana, si kwenye ile yako ya mapambo. Kama ninyi ni Wakatoliki, ongea mapema na katekista kuhusu baraka ya nyumba, kwa sababu mapadri siku hizo wanakimbia kutoka kigango hadi kigango, na tarehe 27 au 28 inapatikana kwa urahisi kuliko sikukuu yenyewe. Mama akiwepo kwenye kiti kizuri, akaona nani anaamka saa kumi na moja, nani anajua simenti iliingia mifuko mingapi, wifi hatahitaji kurekebishwa na wewe. Asipoweza kusafiri, basi nendeni ninyi Lira kwa Mwaka Mpya, msongamano ukiwa umepungua kidogo, na umchukulie kadi zilizochorwa na watoto.

Kadi nyingine, iliyo nzuri kuliko zote, ni ya baba yao: iwekeni kwenye bahasha mpaka arudi mwezi wa tatu. Na lile tawi mkilitoa, kama nafasi iko, pandeni mche wa saipresi wa kwenu, wale wauza miche kando ya barabara wanao. Mbali na shimo la choo na mbali na ukuta, mizizi yake si ya mchezo.

Bado picha. Najua utataka kuweka status, na una haki. Weka baada ya sikukuu, piga watoto na mti, usipige mlango na kufuli lake, usipige televisheni, na usiandike kwamba baba hayupo.